Chekeche Lililovuka Bahari

Kiswahili hakikosi maneno ya kumsema mtu anayekula sana. Anayekula kwa haraka ana pupa. Anayejaza kinywa anabugia. Anayekula kama aliyefungiwa siku tatu anafakamia. Anayekodolea macho tonge la mwenzake ni mroho. Na anayekula mpaka akashindwa kuinuka ni mlafi. Yapange maneno haya mbele yako, msomaji, utaona kuwa kila moja ni hukumu. Hapana hata moja linalomweleza mlaji kuwa ni mgonjwa. Lililo karibu ni kuvimbiwa, nalo ni la tumbo, si la moyo wala la akili. Mwenye kuvimbiwa hupewa tangawizi akalala, na kukicha mambo yameshakwisha.

Pengo hili nililifahamu siku nilipoombwa kuipitia tafsiri ya Kiswahili ya hojaji moja ya kitabibu. Ilikuwa imekusudiwa kuwatambua watu wenye maradhi ya kula kupita kiasi bila ya kuweza kujizuia, maradhi ambayo katika makala haya nitayaita ulaji usiozuilika, kwa kukosa jina lililokubaliwa. Mfasiri, kijana hodari na mwenye nia njema, alikuwa ameandika swali la mwanzo hivi: je, katika wiki nne zilizopita uliwahi kufanya ulafi? Mama wa kwanza kuulizwa alijifunga mtandio vizuri, akasema, “Astaghfirullah, mwanangu, mimi nimelelewa.” Karatasi ikatiwa alama ya hapana. Kwa hesabu ya hojaji, mama yule alikuwa mzima. Kwa hakika hapana yake ilikuwa jawabu la adabu, wala haikutuambia lolote juu ya afya yake.

Maswali ya namna hii yana historia, na ni historia ya safari. Yalizaliwa katika miji michache ya Marekani ya Kaskazini na Uingereza, yakapanda vyombo yakaenda Cairo, Muscat, Fiji na Afrika ya Kusini, na kila yalikoshuka yaliwakuta watu wanaokula kwa namna nyingine, kwa sababu nyingine, na wanaoona haya kwa mambo mengine.

Kwanza tuseme kazi ya hojaji ni nini. Haimtambui mgonjwa, hiyo ni kazi ya daktari anayekaa na mtu akamsikiliza. Hojaji huchekecha tu. Watu elfu hupita, wachache hubaki juu ya chekeche, na hao ndio wanaoitwa kuhojiwa kwa kirefu. Chekeche lenye matundu mapana mno huwaachia wagonjwa wapotee, na lenye matundu membamba mno humkamata kila mtu. Walakini liko jambo la tatu, nalo ndilo linalotuhusu hapa: matundu ya chekeche hutobolewa kwa kadiri ya unga wa kwao.

Hadithi ya jina lenyewe ina kinaya chake. Wayunani wa kale walikuwa na neno bulimia, lililoungwa kutokana na ng’ombe na njaa. Xenophon, aliyesimulia safari ya askari wa Kiyunani waliokuwa wakirudi kutoka Uajemi mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, anaeleza jinsi askari walivyoanguka njiani katika theluji ya Armenia kwa ugonjwa huo. Mtu mmoja mwenye uzoefu akamwambia kuwa wakipewa kitu cha kula watainuka, wakapewa, wakainuka. Kwa hivyo neno ambalo leo hutajwa kwa mtu anayekula asiweze kuacha lilianza kwa mtu asiye na cha kula. Matabibu walioandika kwa Kiarabu, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ni miongoni mwao, walipambanua baina ya njaa ya ng’ombe, ambayo ni udhaifu wa mwili uliokosa chakula, na hamu ya mbwa, ambayo ni ile isiyoshiba hata mtu akila vipi. Hamu ya mbwa waliihesabu kuwa ni maradhi ya mdomo wa tumbo, wakaitafutia dawa. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa kumtazama mlaji kwa jicho la tiba ni mzuka wa Kizungu wa juzi.

Katika zama zetu habari inaanzia kwa Albert Stunkard, daktari wa maradhi ya akili wa Marekani aliyeishi baina ya 1922 na 2014. Mwaka 1955 alieleza habari za wagonjwa wanene waliokuwa wakila usiku, na mwaka 1959 akaandika juu ya wengine waliokuwa wakila chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha wakajilaumu vikali. Kabla yake, baina ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake huko Minnesota waliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana wa kiume 36 waliojitolea, ili kujifunza namna ya kuwalisha watu walioathirika na vita. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Vijana hao walikuwa wazima walipoanza. Njaa ndiyo iliyowafundisha kufakamia. Nitalirejea jambo hili, maana waliotunga maswali baadaye walilisahau.

Mwaka 1979 yalitokea mambo mawili. London, Gerald Russell alichapisha maelezo ya bulimia kama tunavyoijua sasa, yaani mtu kula kwa fujo kisha kujitapisha ili asinenepe. Toronto, David Garner na Paul Garfinkel walichapisha kipimo cha mwelekeo wa ulaji chenye maswali 40, ambacho mwaka 1982 kilipunguzwa kikawa na maswali 26. Kila swali huweza kuleta alama mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 78, na anayefikia 20 huitwa kuhojiwa. Kipimo kilijaribiwa kwa kuwalinganisha wanawake wenye anoreksia na wanawake wazima wa mji uleule. Hayo ndiyo matundu yake: mji wenye chakula tele, ambako mtu akisema chakula kinamshughulisha moyoni hapana shaka tena kuwa liko jambo.

Vipimo vingine vikafuata upesi. Mwaka huohuo wa 1982 Gormally na wenzake walitoa kipimo cha maswali 16 kwa ajili ya watu wanene waliokuwa wakitafuta tiba Marekani, na hicho kiliulenga hasa ulaji usiozuilika. Mwaka 1987 Henderson na Freeman wakatoa cha Edinburgh, chenye maswali 33. Mwaka 1992 Robert Spitzer na wenzake wakawajaribu watu katika vituo kadhaa, wakapendekeza maradhi haya yapewe jina lake peke yake. Chama cha madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani kiliyatia katika nyongeza ya kitabu chake mwaka 1994, kama mtu anayewekwa barazani huku wenyeji wakishauriana, na mwaka 2013 kikayaingiza ndani. Barazani sharti lilikuwa siku mbili kwa wiki kwa miezi sita. Ndani likawa mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Mtu yuleyule, kwa ulaji uleule, mwaka 2012 hakuwa na maradhi yenye jina, na mwaka 2013 akawa nayo. Silitaji hili kwa kebehi. Kila mpaka lazima uchorwe mahali. Lakini mwenye kuona mpaka wa kwao ukisogezwa hivyo asistaajabu akiambiwa kuwa ng’ambo ya bahari huenda ukahitaji kusogezwa tena.

Maelezo ya madaktari yana nguzo mbili. Ya kwanza ni kuwa mtu ale, kwa muda mfupi kama wa saa mbili hivi, chakula kilicho kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika muda na hali kama hiyo. Ya pili ni kuwa ahisi ameshindwa kujizuia. Tena ziongezwe dalili: kula kwa haraka isiyo ya kawaida, kula mpaka kuumia, kula bila ya njaa, kula peke yake kwa kuona haya, na kujichukia baadaye. Nguzo ya kwanza imemuachia msomaji kazi yote. Watu wengi ni akina nani? Na hali kama hiyo ni ipi?

Mervat Nasser, daktari wa Kimisri aliyefanya kazi Uingereza, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kulichukua chekeche hili kwa Waarabu. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986 uliwalinganisha wanafunzi wanawake wa Kiarabu 50 wa vyuo vikuu vya London na 60 wa Cairo. Asilimia 22 ya wale wa London walipita alama ya kipimo, na 12 ya wale wa Cairo. Walipohojiwa, sita wa London walikutwa na bulimia, na Cairo hakupatikana hata mmoja. Tazama vizuri hapa. Cairo wako waliobaki juu ya chekeche, lakini mahojiano hayakuona bulimia chini yake. Mwaka 1989 King na Bhugra walikipeleka kipimo hichohicho kwa wasichana wa skuli katika mji mmoja wa kaskazini mwa India, na kiasi cha theluthi moja wakapita alama. Walipoyachambua majawabu waligundua kuwa maswali machache ndiyo yaliyokuwa yakizibeba alama hizo, na moja lilihusu kukata chakula vipande vidogovidogo. Kwa mwanamke wa Toronto kukata hivyo ni hila ya kukwepa kula. Kwa msichana wa Kihindi ni namna chakula kinavyoliwa, na kufunga siku fulani ni ibada.

Oman, kwetu sisi wa visiwa hivi, si nchi ya kusikia kwa mbali. Wapo huko jamaa wanaosema Kiswahili mezani. Mwaka 2002 Samir Al-Adawi na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo viwili, cha Toronto na cha Edinburgh. Theluthi moja ya vijana wa Kiomani walipita alama ya kipimo cha Toronto, na wavulana walizidi: asilimia 36.4, dhidi ya 29.4 za wasichana. Kwa kipimo cha Edinburgh, kinachotazama ulaji wa fujo, waliopita walikuwa asilimia 12.3. Watu wazima wa Kiomani walikuwa kiasi cha asilimia 2 tu. Hapa mtu anaweza kusoma kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwa kizazi kilichokulia katika neema ya mafuta kimeingiwa na maradhi ambayo wazee hawakuyajua, na sina sababu ya kuikataa. Lakini najiuliza pia: mvulana wa Kiomani akiulizwa kama watu humshikilia ale, atajibu nini, ilhali mama, shangazi na bibi wote kazi yao ni hiyo? Huko kwao swali lilikotoka, kushikiliwa kula ni dalili kuwa jamaa wameshamwogopea mgonjwa. Kwetu ni mapenzi ya kila siku, na mgeni asiyeshikiliwa huondoka na kinyongo.

Mafunzo makubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, yalitoka Afrika ya Kusini. Mwaka 1998 Daniel le Grange na wenzake walitangaza matokeo ya wanafunzi 1,435 wa vyuo, na kinyume na ilivyotarajiwa, weusi walikuwa na alama mbaya kuliko weupe. Ilikuwa miaka minne tu baada ya uchaguzi wa 1994, na maelezo yalikuwa tayari mdomoni: milango imefunguliwa, wasichana weusi wameingia katika ulimwengu wa magazeti na vioo, wameyapokea na maradhi yake. Maelezo yalipendeza. Lakini watafiti walifanya jambo ambalo si wengi hulifanya baada ya kuchapisha: walirudi. Safari hii wakakaa na vijana weusi wa familia masikini, wakawauliza walikuwa na maana gani walipotia alama zile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Alama za vijana wale zilikuwa zikisema njaa. Chakula kiliwashughulisha moyoni kwa sababu hakikuwapo. Maswali mengine hawakuyaelewa kama alivyoyakusudia mwandishi.

Hapo ndipo wale vijana 36 wa Minnesota wanaporudi. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, walisema wahenga. Lakini njaa nayo ina ulevi wake. Mwaka 2017 Carolyn Becker na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 503 waliokuwa wakipokea chakula cha msaada katika mji wa San Antonio, Marekani, wakaona kuwa kadiri nyumba ilivyozidi kukosa uhakika wa chakula ndivyo ulaji wa fujo ulivyozidi. Kwa hivyo si kweli kuwa masikini anayepita alama ya hojaji ana njaa tu, wala si kweli kuwa ni mgonjwa tu. Anaweza kuwa vyote viwili, na hojaji iliyotungwa kwa ajili ya walioshiba haiwezi kumpambanua. Anayetaka kuchekecha watu wa kijiji ambacho mwezi kabla ya mavuno ni mwezi wa kukaza mshipi, na aanze kwa kuuliza chungu kimepikwa mara ngapi.

Mwaka huohuo wa 2004 Dinah Bennett na wenzake walichapisha habari za wasichana wa skuli za sekondari Ghana. Katika 668 waliopimwa, 10 walikuwa wamekonda kwa kujinyima chakula kwa makusudi, bila ya sababu nyingine iliyoonekana, na walikueleza kujinyima kwao kwa maneno ya dini na ya kuitawala nafsi, si kwa kuogopa unene. Utafiti ule ulihusu anoreksia, si ulaji usiozuilika, na nautaja kwa sababu moja tu: dini hubadilisha maana ya jawabu. Kwetu swali la kukaa saa nyingi bila ya kula, likiulizwa mwezi wa Shaaban, ni swali. Likiulizwa mwezi mmoja baadaye, ni mchezo. Na hojaji nyingi huuliza habari za siku 28 zilizopita. Mla mla leo, mla jana kala nini? Mtafiti anayefika wiki ya Idi atapata visiwa vizima vilivyojishindisha na njaa mchana na kula kwa wingi usiku.

Nimekichelewesha kisa cha Fiji kwa sababu ndicho kinachojulikana zaidi, na ndicho kinachosimuliwa kwa ufupi mno. Anne Becker, Mmarekani, daktari na mwanaanthropolojia, alianza kazi yake katika jimbo la Nadroga mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliwakuta watu ambao mwili wa mtu ulikuwa amana ya jamaa zake. Mtu akikonda, lawama iliwaendea wanaomtunza, na kukosa hamu ya kula kulikuwa na jina lake, macake, na dawa zake za mitishamba. Mwaka 1995 televisheni ilifika Nadroga. Becker aliwapima wasichana wa skuli wiki chache baada ya kufika kwake, na akawapima wengine wa rika hilohilo mwaka 1998. Waliopita alama 20 walikuwa asilimia 12.7 mara ya kwanza, na 29.2 mara ya pili. Waliojitapisha ili wapungue mwili hawakuwapo kabisa mwaka 1995. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Habari ilizunguka dunia nzima: televisheni imewaambukiza wasichana wa kisiwani.

Magazeti yalikomea hapo, lakini Becker hakukomea hapo. Wasichana walimweleza kuwa wembamba wanaoutafuta una uhusiano na kazi na maisha mapya waliyoyaona, si urembo peke yake. Mwaka 2003 yeye na wenzake walitoa utafiti mwingine, safari hii juu ya ulaji usiozuilika wenyewe, kwa wanawake 50 wa Kifiji. Asilimia 10 walisema hula kwa fujo angalau mara moja kwa wiki, na asilimia 4 walilingana na maelezo ya maradhi. Idadi ni ndogo, watu wawili kati ya hamsini, na mtu asijenge nyumba juu yake. Lakini hao wawili walikuwa katika nchi ambayo unene haukuwa aibu na karamu haikuwa dhambi, na hata hivyo walijiona wameshindwa.

Kisha wakafanya kazi ambayo naiona kuwa ya maana kuliko zile tarakimu za televisheni. Walichukua hojaji iliyotokana na mahojiano ya Christopher Fairburn wa Oxford, wakaifasiri kwa Kifiji, wakaijaribu kwa mamia ya wasichana, na mwaka 2010 wakachapisha wapi ilisimama na wapi iliyumba. Waliuliza pia jambo ambalo hojaji ya Oxford haikuwahi kuliwaza: matumizi ya mitishamba ya kienyeji ya kuharisha na kutapisha. Walipoyapanga majawabu, wasichana waliokuwa wakijisafisha tumbo waligawika makundi mawili, na moja lilikuwa la hao wa mitishamba. Lau wangetumia karatasi ya Oxford kama ilivyo, kundi hilo lote lingepita katika matundu bila ya kuonekana.

Arthur Kleinman aliwahi kuonya, mwaka 1977, dhidi ya kuchukua aina ya ugonjwa iliyochongwa katika utamaduni mmoja, kuipeleka kwa watu wengine, kuikuta huko, na kudhani kuwa kuikuta ni ushahidi kuwa ipo. Wataalamu wa madodoso wana dawa yao, iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka 1970: fasiri, kisha mtu mwingine airudishe tafsiri katika lugha ya asili, ulinganishe. Ni dawa nzuri kwa makosa ya wazi. Kipimo kifupi cha maswali matano kilichotoka London mwaka 1999, kazi ya Morgan, Reid na Lacey, huuliza kama mtu amepungua uzito kwa kipimo ambacho Waingereza hukiita jiwe, chenye ratili 14. Mfasiri wa pupa angemuuliza mgonjwa kama amepoteza jiwe, na kurudisha tafsiri kungemuumbua. (Wazee wetu walikuwa na frasila yao, lakini walipimia karafuu na pembe; sijasikia mtu aliyejipima nafsi yake kwa frasila.) Walakini ulafi ukirudishwa katika Kiingereza hurudi salama salimini. Kamusi zinakubaliana. Kinachopotea ni kile kitendo cha mama kujifunga mtandio.

Idadi zilizopo kwa upande wetu ni chache. Marekani, Hudson na wenzake walikadiria mwaka 2007 kuwa wanawake 3.5 katika kila mia, na wanaume 2, hupatwa na ulaji usiozuilika katika umri wao. Makadirio ya nchi 14 yaliyochapishwa mwaka 2013 chini ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani hayakuwa na nchi hata moja ya Afrika. Mwaka 2007 ulitoka utafiti juu ya wanawake wa Tanzania, uliotazama ulaji na vyombo vya habari. Mwaka 2022 Mutiso, Ndetei na wenzao walitangaza matokeo ya wanafunzi zaidi ya 9,000 wa Kenya, na asilimia 3.2 walilingana na maelezo ya maradhi haya. Tarakimu hiyo inakaribiana mno na ile ya wanawake wa Marekani. Wapo watakaofurahi kuwa dunia ni moja. Mimi ningependa kwanza kuyaona maswali, na kusikia yalivyosomwa kwa sauti.

Na lipo jambo moja la biashara ambalo si haki kulinyamazia. Januari 2015 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya maradhi haya, na mwaka 2016 ikatoka hojaji fupi ya maswali saba, iliyotungwa kwa gharama ya kampuni iliyokuwa ikiiuza dawa hiyo. Hojaji inaweza kuwa nzuri pamoja na hayo. Lakini muuza samaki akikukopesha mizani, huna budi kuitazama mara mbili.

Turudi pwani. Tunakula kwa sinia. Wanaume wane au watano wakilizunguka sinia la pilau la harusi, nani atakayejua fulani kala kiasi gani? Kila mtu anakula upande wake, na mwenye nyumba anaongeza. Baada ya adhana ya magharibi katika Ramadhani, mtu hunywa uji, akala tende, kaimati, tambi, mihogo ya nazi na samaki, kwa muda usiofika saa moja. Hicho ni chakula kingi kuliko cha saa nyingine yoyote ya mwaka, na hapana aliyeshindwa kujizuia. Kwa hivyo nguzo ya wingi kwetu inayumba. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeliona hilo kwa kiasi chake: haishikilii tena kuwa chakula lazima kiwe kingi, bali inatazama zaidi kule kushindwa. Ni hatua njema. Lakini kushindwa nako kuna lugha. Aliyelelewa katika dini atasema nafsi imemtawala, na atalitaja kama dhambi, si kama dalili. Yuko atakayesema si yeye aliyekula, yuko aliyempanda kichwani. Na huyo, ukimuuliza kama alishindwa kujizuia, atakujibu kwa ukweli kabisa kuwa hapana.

Dalili ya kula peke yake, kinyume chake, kwetu ina nguvu kuliko ilikotoka. Kule watu wengi hula peke yao kila siku, na sharti la kuona haya ndilo linaloibeba. Hapa mtu kujifungia na chakula ni jambo la kushangaza lenyewe. Aliyewahi kuishi katika nyumba ya watu wengi anajua ugumu wa kupata dakika kumi na sufuria bila ya kuonekana.

Na hasara ya kukosea si ya karatasi tu. Wanawake wanaokwenda kliniki ya sukari huambiwa wapunguze kula, wakarudi na uzito uleule, wakaambiwa tena, kwa sauti ya ukali kidogo. Wengi wao, pengine, wanapenda tu vyakula vyetu vya nazi. Lakini yumo ambaye kila akiambiwa apunguze hujinyima siku tatu, na usiku wa nne anakula mpaka anaumwa, kisha anajinyima tena kwa majuto. Huyo ushauri wa kupunguza unamzidishia.

Tuliliandika upya swali la mwanzo. Ulafi tuliutoa, uroho hatukuutia, na neno kujizuia tuliliacha kwa sababu lilinuka waadhi. Tulijaribu maneno mengi, na mengine yalichekesha. Mwishowe tuliandika hivi: je, imewahi kutokea ukala, ukataka kuacha, na mkono ukakataa? Kijana alirudi kwa mama yuleyule, akamsomea. Mama alimtazama kwa muda, akauliza kama mlango unaweza kufungwa. Ulipofungwa, akasema, “Wakishalala wote.”